Swapu kwenye Linux: kompyuta inapoganda, programu zinapouawa, na faili linapokataa kuwashwa

Kompyuta ya GB 4 za RAM (kumbukumbu ya kazi), yenye Ubuntu na diski ya kuzunguka, bado inabeba kazi nyingi maofisini, mashuleni na kwenye maduka ya uchapaji. Ikianza kusumbua, mwenye nayo huambiwa neno moja: ongeza swapu. Ushauri huo mara nyingine unaponya, ila mara nyingi haugusi ugonjwa wenyewe. Kompyuta inayoganda na kompyuta inayofunga programu ghafla hazina tatizo moja. Swapu kubwa ni dawa ya hiyo ya pili. Ya kwanza ukiiongezea swapu, itaganda vilevile, na pengine kwa muda mrefu zaidi.

Swapu ni nafasi kwenye diski ambako kerneli, yaani kiini cha Linux, huhamishia kurasa za kumbukumbu ambazo hazijaguswa kwa muda, ili RAM ibakie kwa zinazofanya kazi. Kwenye mashine za kawaida za Intel na AMD ukurasa mmoja ni KB 4. Zinahamishwa, zinarudishwa, na mtumiaji haoni kitu, mpaka uhamishaji wenyewe uwe ndiyo kazi kubwa ya kompyuta.

Tazama kwanza ulicho nacho

```
free -h
swapon --show
```

Kwenye jibu la `free`, usisome safu ya "free" ukashtuka kwamba RAM imekwisha. Linux hutumia RAM iliyo wazi kuhifadhi mafaili yaliyosomwa karibuni, na huiachia mara programu inapoihitaji. Namba ya kuangalia ni ya "available".

`swapon --show` itakuambia swapu yako ni faili au ni patisheni (kipande cha diski kilichotengwa), iko wapi, ina ukubwa gani na imetumika kiasi gani. Tangu Ubuntu 17.04, usakinishaji wa kawaida hutengeneza faili badala ya patisheni. Mara nyingi utalikuta kwa jina `/swapfile`, na kwenye Ubuntu ya seva `/swap.img`. Andika jina hilo kama lilivyo, maana ukikosea hapa utajikuta na mafaili mawili, moja likila diski bila kazi yoyote. Amri isipojibu kitu, basi huna swapu iliyowashwa hata kidogo.

Dalili: kila kitu kinaganda, na taa ya diski haizimi

Kishale cha mausi kinatembea kwa kurukaruka, kubadilisha dirisha kunachukua nusu dakika, na diski inasikika ikikwaruza bila kupumzika. Fungua terminali, hata kama itachelewa kufunguka, uandike:

```
vmstat 1
```

Iache ikimbie sekunde kumi hivi, kisha bonyeza Ctrl+C. Safu ni nyingi, kwa hiyo hapa nimebakiza zinazotuhusu tu:

```
 b     swpd    free     si     so   wa
 0  1874432   93120      3      5    2
 4  1876992   90544   2140   3388   71
 5  1877760   91208   1896   2912   78
 3  1875200   94016   2304   1740   74
```

Mstari wa kwanza uruke. Huo ni wastani tangu kompyuta ilipowashwa, na umewadanganya wengi wakaamini kwamba hakuna tatizo. Kwenye mistari inayofuata, `swpd` ni kiasi cha swapu kinachotumika, `si` ni kilobaiti zinazorudishwa kutoka diskini kila sekunde, na `so` ni zinazopelekwa. `wa` ni asilimia ya muda ambao prosesa imekaa bure ikisubiri diski, na `b` ni idadi ya michakato iliyokwama ikingoja.

Jibu liko kwenye `si` na `so`. Zote mbili zikiwa juu kwa pamoja, sekunde baada ya sekunde, RAM haitoshi kwa kazi inayofanyika sasa hivi. Kerneli inatoa ukurasa, programu inauhitaji papo hapo, unarudishwa, na ili urudi inabidi mwingine utoke. `swpd` ikiwa kubwa huku `si` na `so` ziko sifuri, hilo si tatizo, na nitalirudia hapa chini.

Kwa nini diski inashindwa? Diski ya kuzunguka inayokwenda mizunguko 7,200 kwa dakika huchukua milisekunde kadhaa kusogeza kichwa chake na kusubiri sehemu inayotakiwa ipite chini yake, kwa hiyo husoma sehemu zilizotawanyika kama mara 100 tu kwa sekunde. Megabaiti 200 za kurasa ni kurasa 51,200. Zikisomwa mojamoja kwa mwendo huo, ni zaidi ya dakika nane. Kerneli hujaribu kupunguza adha kwa kusoma kurasa 8 za jirani kwa mpigo, na hiyo husaidia pale tu majirani hao nao wanapohitajika. Ndiyo maana kuongeza swapu kutoka GB 2 hadi GB 8 hakubadilishi chochote hapa. Foleni ni ileile, na mlango wa diski ni uleule.

Tafuta mla kumbukumbu:

```
ps -eo pid,rss,comm --sort=-rss | head
grep VmSwap /proc/[0-9]*/status | sort -k2 -n | tail -5
```

Amri ya kwanza inaonyesha nani amejaza RAM, ya pili nani ana kurasa nyingi kwenye swapu. Kwenye kompyuta ya mezani, mara nyingi ni kivinjari chenye tabo nyingi zilizosahaulika. Kwenye seva ndogo, huwa ni hifadhidata iliyoachwa na mipangilio iliyotengenezwa kwa mashine kubwa zaidi, au programu ya wavuti iliyoruhusiwa kuzalisha michakato mingi kuliko RAM iliyopo. Kurekebisha mpangilio huo mmoja kunashinda gigabaiti zozote za swapu.

Kama kazi ndiyo hiyo na haipunguziki, weka zram. Hii ni swapu inayokaa ndani ya RAM yenyewe, ila kurasa zake zimebanwa, na kurasa nyingi za kawaida hubanika vizuri. Prosesa hufanya kazi kidogo zaidi, lakini hata prosesa ya zamani hufungua ukurasa uliobanwa haraka mno kuliko diski ya kuzunguka inavyoutafuta. Fedora iliifanya kuwa chaguo la kawaida tangu toleo la 33, mwaka 2020. Kwenye Debian na Ubuntu:

```
sudo apt install zram-tools
sudo nano /etc/default/zramswap
```

Ondoa alama ya `#` kwenye mistari ya `ALGO`, `PERCENT` na `PRIORITY`, kisha weka:

```
ALGO=zstd
PERCENT=50
PRIORITY=100
```

Halafu:

```
sudo systemctl restart zramswap
swapon --show
```

Safu ya PRIO ina maana hapa. Kerneli hujaza kwanza swapu yenye kipaumbele cha juu. zram ikiwa na 100 na faili la diskini likiwa na namba hasi, kurasa zitakwenda zram kwanza, na diski itaguswa zram ikijaa. Ukizigeuza, umepoteza faida yote. Kama huduma itagoma ikidai moduli ya zram haipo, jambo linalotokea kwenye seva za kukodi zenye kerneli iliyopunguzwa ya Ubuntu, sakinisha kifurushi `linux-modules-extra-$(uname -r)` kisha ujaribu tena.

Na kama bajeti inaruhusu kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya mashine hiyo, nunua RAM. Nafasi za RAM zikiwa zimejaa au haipatikani, nunua SSD.

Dalili: programu inafungwa ghafla bila kuaga

Hapa kompyuta haikuganda, au iliganda kidogo tu, kisha dirisha likapotea na kazi yote iliyokuwamo. Uliza kerneli:

```
sudo dmesg -T | grep -i "killed process"
```

Kama kompyuta imeshawashwa upya, soma rekodi za kerneli za kabla ya hapo:

```
sudo journalctl -k -b -1 | grep -i "out of memory"
```

Ukikuta mstari unaoanza na `Out of memory: Killed process`, ukiwa na namba na jina la programu, RAM na swapu vyote vilijaa na kerneli ikachagua mmoja wa kufa ili wengine wapone. Hapa ndipo kuongeza swapu kunapofaa, hasa kama mahitaji yanapanda kwa muda mfupi kisha yanashuka: kufungua picha kubwa, kutengeneza ripoti ya mwisho wa mwezi, kujenga programu kutoka kwenye msimbo wake.

Soma mstari huo kwa makini. Ukiwa umeandikwa `Memory cgroup out of memory`, aliyegonga ukuta ni kontena (programu iliyofungiwa kwenye mazingira yake) au huduma iliyowekewa kikomo chake, na mashine yenyewe huenda ina RAM ya kutosha. Ongeza kikomo hicho kwenye mipangilio ya Docker, au `MemoryMax` kama ni huduma ya systemd. Kuongeza swapu ya mashine hakutamsaidia.

Usipokuta kitu kwenye kerneli, angalia mlinzi mwingine:

```
journalctl -u systemd-oomd
```

Ubuntu ya mezani imekuja nayo tangu 22.04. Huduma hii haingoji kumbukumbu iishe kabisa. Hupima shinikizo la kumbukumbu na jinsi swapu ilivyojaa, na huweza kuua kundi zima la michakato, ndiyo maana kivinjari chote kinaweza kutoweka na tabo zake zote. Naelewa kwa nini watu hukimbilia kuizima. Ushauri wangu ni kuiacha, na kuipa swapu ya kutosha kupumulia. Ukiizima kwenye mashine ya GB 4 unarudi kwenye kuganda kule kwa mwanzo.

Swapu inatumika na RAM bado ipo

Hii si dalili ya ugonjwa. Kurasa zilizohamishwa asubuhi kompyuta ilipozidiwa hubaki diskini hadi programu yenyewe itakapozihitaji, na pengine haitazihitaji kamwe. `si` na `so` zikiwa sifuri, endelea na kazi zako. Kuna desturi ya kuzima na kuwasha swapu kila siku ili "kuisafisha". Haina faida, na kwenye seva yenye shughuli inaweza kuleta balaa, kwa sababu inalazimisha kila ukurasa urudi RAM kwa wakati mmoja.

Kuongeza swapu, na makosa yanayojitokeza njiani

Njia salama kuliko zote kwenye mfumo unaofanya kazi ni kutoligusa faili la zamani. Ongeza la pili pembeni yake. Hakikisha diski ina nafasi kwa `df -h /`, kisha:

```
sudo dd if=/dev/zero of=/swapfile2 bs=1M count=4096 status=progress
sudo chmod 600 /swapfile2
sudo mkswap /swapfile2
sudo swapon /swapfile2
```

Hiyo ni GB 4. Umeme ukikatika katikati ya `dd`, hakuna kilichoharibika: futa faili uanze upya. Maelekezo mengi hutumia `fallocate` badala ya `dd` kwa kuwa humaliza papo hapo. Kwenye mfumo wa mafaili wa ext4 inafanya kazi. Mimi hupendekeza `dd` kwa sababu huandika kila sehemu ya faili kwelikweli, na hiyo huzuia kosa moja litakalotajwa sasa hivi.

`swapon failed: Invalid argument`. Soma `sudo dmesg | tail`. Ukikuta `swapfile has holes`, faili lina sehemu zilizotajwa tu bila kuandikwa diskini. Lifute, ulitengeneze kwa `dd`. Kama mfumo wako wa mafaili ni Btrfs, sababu huenda ni tabia yake ya kuandika nakala mpya kila data inapobadilika, na swapu haivumilii hilo. Unahitaji kerneli 5.0 au zaidi na faili lililotengenezwa kwa namna ya pekee. Kwenye btrfs-progs 6.1 na kuendelea amri ni moja:

```
sudo btrfs filesystem mkswapfile --size 4g /swapfile2
```

Kisha `swapon` kama kawaida. Kwenye ZFS faili la swapu halikubaliki, usipoteze muda.

`Text file busy`. Unajaribu kuandika juu ya faili la swapu ambalo bado limewashwa. Kama unataka kweli kubadilisha ukubwa wa lile la zamani, lizime kwanza kwa `sudo swapoff /swapfile`, litengeneze upya, halafu `mkswap` na `swapon`. Ukisahau `mkswap`, `swapon` itagoma, maana faili jipya halina alama ya swapu.

`swapoff failed: Cannot allocate memory`. Kuzima swapu maana yake ni kurudisha yaliyomo yote RAM, na hayaenei. Linganisha "available" na swapu iliyotumika kabla ya kuanza. Funga programu, au washa `/swapfile2` kwanza ili kurasa zipate pa kwenda, ndipo uzime la zamani. Amri hii ikikaa dakika nyingi kwenye diski ya kuzunguka bila kusema kitu, haijafa, inasoma. Iache.

`insecure permissions 0644, 0600 suggested`. Ni onyo tu, lakini lifanyie kazi leo. Ndani ya swapu kunaweza kuwa na vipande vya chochote kilichokuwa RAM, nywila na barua zikiwemo, na ruhusa hiyo inamwachia kila mtumiaji wa mashine alisome.

`Operation not permitted`, hata ukiwa na sudo, kwenye seva ya kukodi: yawezekana seva hiyo ni kontena linaloshiriki kerneli na wengine, na mwenye mitambo ndiye anayepanga swapu. Muulize yeye.

Wenye swapu kwenye LVM (njia ya kukusanya diski kuwa kundi na kuligawa upya kirahisi) wana njia fupi, mradi kundi lina nafasi ya akiba. Badilisha majina yafanane na ya kwako:

```
sudo swapoff /dev/vg0/swap
sudo lvextend -L +2G /dev/vg0/swap
sudo mkswap /dev/vg0/swap
sudo swapon /dev/vg0/swap
```

Kuhusu ukubwa: kwa GB 4 za RAM, swapu ya GB 4 inatosha kazi za kawaida, na kwa GB 8 pia sioni haja ya kuzidisha GB 4. Ile kanuni ya kuzidisha RAM mara mbili ilitoka enzi za RAM ya megabaiti.

Baada ya kuwasha upya, swapu haipo, au kompyuta inachelewa kuwaka

`swapon` hudumu hadi kompyuta izimwe. Ili ibaki, ongeza mstari huu kwenye `/etc/fstab`, orodha ya diski na swapu za kuwashwa kompyuta inapowaka:

```
/swapfile2 none swap sw 0 0
```

Usiwashe upya bado. Jaribu kwanza:

```
sudo swapoff /swapfile2
sudo findmnt --verify
sudo swapon -a
swapon --show
```

Likionekana, mstari uko sawa.

Ikiwa kompyuta sasa inasimama wakati wa kuwaka na maneno `A start job is running for /dev/disk/by-uuid/...` huku ikihesabu hadi dakika moja na nusu, fstab inataja patisheni ambayo UUID yake (namba ya utambulisho) haipo tena. Kila `mkswap` hutoa UUID mpya, isipokuwa uitaje mwenyewe. Tafuta mpya kwa `sudo blkid`, urekebishe mstari, au uufute kama patisheni uliiondoa.

Ikiwa ucheleweshaji ni mfupi na ujumbe ni `Gave up waiting for suspend/resume device`, UUID ya zamani imebaki pengine: fungua `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume`, weka ile mpya, au `RESUME=none` kama huna desturi ya kuilaza kompyuta kwa kuhifadhi kumbukumbu yote diskini. Kisha `sudo update-initramfs -u`. Wanaoilaza hivyo wakumbuke kwamba zram haiwezi kazi hiyo, na kwamba faili la swapu, ukiacha UUID ya diski, linahitaji pia `resume_offset` kwenye mstari wa kerneli, namba inayobadilika kila unapolitengeneza upya.

Swappiness

Thamani ya kawaida ya namba hii ni 60, na watu huidhania kuwa asilimia ya RAM ambapo swapu huanza kutumika. Sivyo. Inaipa kerneli uzito wa kulinganisha: nafasi ikihitajika, ihamishe kurasa za programu au itupe mafaili yaliyohifadhiwa RAM. Kwenye diski ya kuzunguka bila zram, 10 ni chaguo la busara. Ukiwa na zram, fanya kinyume, weka 100 au zaidi. Tangu kerneli 5.8 inaruhusiwa hadi 200.

```
echo "vm.swappiness=10" | sudo tee /etc/sysctl.d/99-swappiness.conf
sudo sysctl --system
```

Kompyuta iliyokuwa inaganda kwa kukosa RAM itaendelea kuganda hata ukiweka sifuri.

Programu zinakufa ovyo na dmesg inataja `Read-error on swap-device`

Acha habari za ukubwa. Diski inaharibika, na kurasa zilizokuwa sehemu hiyo hazisomeki. Nakili kwanza data muhimu kwenye diski nyingine, kabla hata ya kupima. Usikimbilie `swapoff`, maana itajaribu kusoma kila ukurasa, pamoja na zilizo kwenye sehemu mbovu, na inaweza kukwama hapo. Ukishanakili, sakinisha `smartmontools` uangalie:

```
sudo smartctl -A /dev/sda
```

Tazama `Reallocated_Sector_Ct` na `Current_Pending_Sector`, safu ya mwisho. Zikiwa juu ya sifuri na zinaongezeka siku hadi siku, diski ni ya kubadilisha. Hadi nyingine ipatikane, weka alama ya `#` mbele ya mstari wa swapu kwenye fstab, sakinisha zram, kisha uwashe upya.